Geti la Nane Bora

Jumamosi, 3 Agosti 2024

Tumefungwa! Kwa pointi moja. Na eti kosa ni langu.

Naandika hapa ilivyokuwa, maana kule kijiweni kila mtu ana ya kwake. Chipukizi wangu wa Mtaa wa Mchikichi waliongoza robo tatu nzima. Watoto wadogo, mkubwa wao bado anasubiri ndevu, wakawakimbiza wanaume wenye familia zao. Robo ya nne wakaanza kubabaika. Wapinzani wakasogea. Mimi ndiye meneja, siwezi kukaa kimya. Nikasimama nikawapigia kelele wabutue mbele. Kocha Agnesi akanivuta shati, akasema huu ni mpira wa kikapu, haubutuliwi. Nikamwambia mpira ni mpira. Hapo mwamuzi akafanya upuuzi fulani, hata sikumbuki upi, nikaingia uwanjani kumwelimisha. Kwa heshima kabisa. Akatupiga faulo ya benchi! Wapinzani wakapewa mtupo huru mmoja, ukaingia.

Pointi moja ndiyo hiyo. Sasa kosa langu liko wapi?

Hali ni hii. Timu nane za juu zinaingia mtoano. Sisi ni wa tisa. Mechi mbili zimebaki, Alhamisi na Jumamosi, zote kwenye uwanja wa ligi karibu na Mnazi Mmoja. Tukishinda zote, tumo. Tukiteleza moja tu, kwaheri hadi mwakani.

Sadalla muuza kahawa, ambaye pia ndiye mchambuzi wa kijiwe chetu, anasema nane bora tusahau. Watoto wana mbio, wana vipaji, lakini ni wa kesho. Robo ya nne inataka watu waliokwisha kuumizwa na maisha. Nikamuuliza kikapu amesomea wapi. Akasema hajasomea, ila anauza kahawa pembeni ya uwanja tangu mimi niko na nywele. Watu wakacheka. Nikanywa kahawa yangu.

Ningestahimili yote hayo kama si Habib. Huyu ni jirani yangu, anauza taa za urembo, duka lake linatazamana na langu la mapazia. Taa zake zinawaka mchana kutwa na zote zinanilenga mimi. Leo kasimama kijiweni mbele ya wazazi wa wachezaji, na ule upole wake wa kuudhi, akasema kwamba Chipukizi wasipoingia nane bora, yeye yuko tayari kuichukua timu na kuilea. Wazazi wakaitikia. Aliyeitikia kwa nguvu kuliko wote ni mama yake Theophil, na pazia la sebuleni kwake nimelishona mimi!

Nikasema sawa. Tusipoingia, umeneja achukue Habib. Ningesemaje, na macho yote yako kwangu?

Sasa nimekaa hapa roho inaniuma. Timu hii niliianza mimi. Hawa watoto walikuwa wanatupia mpira kwenye ndoo iliyotoboka kitako, nje ya duka langu, wakinivunjia taa. Badala ya kuwafukuza nikakunja bomba la pazia, nikawatengenezea ringi. Jezi zao nimeshona mimi kwa mabaki ya vitambaa vya mapazia. Zina maua, ni kweli, na mashabiki wa timu nyingine wanatuita Mapazia. Lakini ni zetu. Nikinyang'anywa hawa, nitabaki na nini pale dukani zaidi ya kuzitazama taa za Habib?

Jumapili, 4 Agosti

Nimeamka na jibu. Tatizo ni utoto? Basi dawa yake ni mtu mzima!

Nimemsajili Mudi. Mudi ni mpagazi wa Mtaa wa Kongo, anabeba robota la mitumba peke yake kama mtu abebavyo mto wa kulalia. Urefu anao, kifua anacho, na nafasi moja ya usajili tulikuwa nayo. Agnesi aliuliza kama amewahi kucheza. Nikamwambia hayo ni mambo madogo. Huyu Agnesi anauza viatu vya mtumba Ilala na zamani alicheza kikapu kweli kweli, lakini ana tabia ya kuuliza uliza.

Jioni mazoezi. Mudi akapewa mpira. Akautazama. Akauweka begani, akaushika kwa mkono mmoja, akaondoka nao akipiga kelele, "Mzigo huo! Mzigo!" Na Chipukizi wangu wote, watoto wa Kariakoo waliozaliwa humu, wakampisha. Hata kapteni Abdulmajid kapisha! Wakabanana ukutani hadi mzigo upite. Mudi akafika chini ya ringi hajaguswa na mtu.

Nikamwambia apande, aukandamize. Akapanda, akaning'inia. Ringi ikatoka. Ubao nao ukatoka. Mudi akaketi chini na ringi shingoni, akaomba radhi, akasema yeye mizigo ya kuning'inia hajaizoea.

Amejiuzulu palepale. Mechi mbili zimebaki na hatuna ringi.

Jumatatu, 5 Agosti

Njama! Nimefika uani kwetu, yaani ule ua wa nyuma wa nyumba ya zamani iliyobaki katikati ya maghorofa, nikamkuta Habib na fundi wa kuchomelea. Ringi mpya. Ubao mpya. Wavu! Hatukuwahi kuwa na wavu.

Nikaomba utepe wa kupimia nikapima. Mtu huyu ameipandisha! Ringi yake iko juu kuliko yangu kwa karibu dhiraa nzima. Nikapiga kelele kwamba anataka kuwavuruga watoto siku za mwisho. Agnesi akasema kwa upole kwamba hicho ndicho kipimo cha ligi. Akaniuliza mimi nilipataje kipimo changu. Nikamweleza kwamba nilifunga pale ngazi yangu ya duka ilipoishia.

Akasema sasa ameelewa kwa nini mitupo huru yetu yote inagonga chini ya ringi msimu mzima.

Watoto wakaanza kurusha. Wakakosa, wakakosa tena. Abdulmajid alipopata, alicheka mwenyewe. Kabla ya magharibi alikuwa haikosi. Nimemtazama Habib, kasimama pembeni na mikono nyuma, anatabasamu. Mtu asiye na nia mbaya hatabasamu hivyo.

Jumanne, 6 Agosti

Leo upelelezi. Alhamisi tunacheza na Wababe wa Upanga, nikaamua niende mazoezini kwao nikaibe siri. Nimejifanya machinga. Nikabeba sampuli za mapazia begani, kofia hadi kwenye nyusi. Hakuna aliyenitambua!

Bahati ilioje, ukumbi wao umezungukwa na madirisha matupu. Mwenyekiti wao, mama mmoja mwenye heshima zake, anaitwa Bi Severa, akanisimamisha, akashika kitambaa, akauliza kama hakichuji. Nikamwambia kitambaa hiki hiki kimeshonewa jezi za Chipukizi wa Mchikichi, kinafuliwa kila wiki na maua yapo vilevile. Akafurahi. Akaniuliza hao Chipukizi wako vipi. Mtu akiuliza kwa adabu hunyimi jibu. Nikamweleza kwamba Theophil mrefu wetu anageukia kulia tu, kwamba Abdulmajid akichoka anashika kiuno, na kwamba robo ya nne ndiyo ugonjwa wetu. Kocha wao alikuwa ananisikiliza pale karibu. Akaniletea na kiti.

Nimepima madirisha yote. Oda nzuri.

Nyumbani nikamweleza Maimuna. Mke wangu akanisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Haya, Baba Mwanamkuu, na hao Upanga wanachezaje?"

Nimefikiri sana. Wana madirisha mapana.

Jumatano, 7 Agosti

Sikulala vizuri. Inawezekana jana nimezungumza kidogo kuliko ilivyohitajika, au zaidi. Sasa lazima nipate kitu kikubwa cha kusawazisha.

Na nimekipata! Asubuhi kijiweni kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa kiongozi wa timu ya mpira wa miguu enzi zake. Anasema mechi kubwa hazishindwi uwanjani, zinashindwa getini. Wenyeji wanajua pa kuweka mambo yao. Ndiyo maana timu zinazojitambua zinaacha geti kuu, zinaruka ukuta. Wameruka sana, anasema. Wengine walivunja na uzio.

Nikapigwa na mwanga. Sisi tumepita geti lile msimu mzima kama kondoo! Hapo ndipo pointi zetu zinapobaki.

Maimuna aliposikia akaniuliza dini yangu inasemaje. Nikamjibu siendi kwa mganga, sichanji chale, sibebi hirizi. Nakwepa geti tu. Kukwepa geti si dhambi. Akasema pia si akili, akarudi jikoni.

Mazoezini nikatangaza: kesho tunaingia kwa ukuta wa nyuma. Abdulmajid ndiye aliyenyoosha mkono. "Meneja, tukipita tu getini kama watu, si poa?" Agnesi akasema yeye ana goti bovu, atapita getini, na kwamba wanaomsikiliza yeye wapite naye. Watoto wakamtazama, wakanitazama. Nadhani uso wangu uliwaonyesha kitu. Abdulmajid akasema basi, tutaruka, meneja asijisikie vibaya.

Watoto wana adabu hawa. Nilitaka kumkumbatia mmoja mmoja.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane! Siku ya nane, mwezi wa nane, tunatafuta nane bora. Ukiona dalili kama hizo na bado unabisha, basi wewe ni Sadalla.

Tukakutana nyuma ya ukuta. Watoto wakaruka kama paka. Theophil, kwa vile ni mrefu, hakuruka hata, alikanyaga akateremka. Kwa bahati mbaya upande wa pili kulikuwa na mabomba ya maji yamelazwa. Nikasikia "Aa!" kisha kimya. Kifundo cha mguu.

Nikapanda haraka nimuone. Nikafika juu. Hapo suruali yangu, ile mpya ya kitambaa kizito, ikanasa kwenye chuma. Mbele haiendi, nyuma hairudi. Nimeketi juu ya ukuta, mguu mmoja kwenye ligi, mguu mmoja Mnazi Mmoja. Uwanja uko upande wa pili wa jengo, sioni kitu. Naona barabara tu, na barabara inaniona mimi.

Filimbi ikapulizwa. Mechi imeanza bila meneja!

Nikapiga kelele za maelekezo. Jengo likazimeza. Wapita njia wakaanza kusimama. Bibi mmoja na kikapu chake akaniuliza, "Baba, huko juu unauza nini?" Nikaona si vizuri kumwacha hivi hivi, nikamwelekeza dukani. Kijana mwingine akanipiga picha. Robo ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Suruali haikuachia.

Aliyenikuta ni nani? Habib, bila shaka. Amebeba maji ya watoto. Akanitazama, hakucheka, hiyo nampa. Akaweka maji chini, akaenda kwenye gari lake, akarudi na ile ngazi anayofungia taa. Akanishikia mguu hadi chini. Suruali imebaki juu nusu.

Nimeingia nikiwa nimejifunga koti la Habib kiunoni, nikakuta kelele. Tumeshinda! Bila Theophil! Tumewashinda Wababe wa Upanga waliokuwa wanajua siri zetu zote! Wakati wote walikuwa wamejipanga kumkaba mtu mrefu anayegeukia kulia, na mtu huyo alikuwa amekaa benchi na barafu mguuni.

Agnesi anasema hajawahi kuwaona watulivu vile robo ya nne. Walikuwa wanasikilizana, anasema, hata yeye sauti yake ilisikika. Kisha akanitazama kwa muda mrefu sana, mimi na koti langu. Nadhani ilikuwa shukrani.

Ukuta umefanya kazi.

Ijumaa, 9 Agosti

Baada ya swala nimekwenda kumwona Theophil nyumbani kwao Ilala, na machungwa. Mguu umevimba. Kesho hachezi. Mama yake hakuniambia nikae. Nikasimama chini ya pazia langu mwenyewe, nikahesabu mikunjo yake. Mwishowe nikamwambia mtoto samahani. Nilimwambia hivyo hivyo, samahani.

Theophil akasema nisijali, tumeshinda, na kwamba angeruka tena. Mama yake akasema hataruka. Akaniletea kigoda.

Njiani nilikuwa na huzuni kubwa. Nilikuwa karibu kabisa kufikiri jambo fulani zito kuhusu mimi mwenyewe. Lakini nikakumbuka yale mabomba. Nani anaacha mabomba ya maji nyuma ya ukuta? Uzembe ulioje!

Jioni, ajabu. Agnesi na Abdulmajid wamekuja dukani pamoja. Abdulmajid akatoa shikamoo, nikaitika, akabaki anavuta ncha ya utepe wa pazia kama mtu mwenye jambo. Agnesi ndiye aliyeanza. Akasema wamekaa kikao, timu nzima, wakachambua ushindi wa jana, na wamekubaliana kwamba mimi nilikuwa sahihi kuhusu geti.

Nikakaa chini.

Anasema lakini ukuta hautufai tena, wachezaji watatuishia. Kesho tupite getini. Ila kwa kuwa geti ndilo hatari, lazima awepo mtu mzima wa kulilinda mechi yote, kuanzia wachezaji wanapoingia hadi filimbi ya mwisho, asiingie mtu na mambo yake. Mtu wa kuaminika. Si kazi ya kila mtu.

Abdulmajid akadakia kwamba ukiondoka hata kidogo, hata kuchungulia, bahati inakatika. Alisema hivyo akiutazama ule utepe. "Tunakutegemea wewe tu, meneja. Usiingie ndani. Tafadhali." Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na mimi nimeguswa, maana sikujua kwamba ameliamini geti kiasi kile.

Nimekubali. Wakaomba na mabaki ya kile kitambaa cha jezi. Habib amewaletea jezi mpya, nyekundu, zenye namba zinazosomeka, na watavaa hizo kesho. Iliniuma. Nikawapa mabaki, sikuuliza ya nini.

Jumamosi, 10 Agosti

Nitajaribu kwenda kwa mpangilio.

Nimefika getini kabla ya watu wote. Habib alikuwa keshaniwekea kiti cha plastiki kivulini na chupa ya maji. Hila yake nimeitambua: anataka nisinzie. Nikahamisha kiti juani.

Mechi ya leo ni na Jamhuri, timu ya nane. Anayeshinda anaingia, anayefungwa anakwenda nyumbani. Wanaume watupu, mmoja ana kitambi na bado anaruka. Nikawakagua wote. Mama mmoja alikuwa na ndimu kwenye mfuko. Ndimu! Nikazizuia. Akasema ni za samaki, ametoka Feri, yeye hata mechi haangalii, mumewe ndiye mwamuzi na amemletea simu aliyoisahau. Nikampisha. Ndimu nikabaki nazo hadi alipotoka.

Filimbi. Nikageuza kiti, nikakaa mgongo kwa uwanja, uso kwa barabara, kama nilivyoagizwa.

Sijawahi kupata tabu kama ile. Unasikia mpira unadunda, viatu vinalia sakafuni, watu wanapiga kelele, hujui kelele za nani. Mashabiki wa Jamhuri wakaanza, "Mapazia! Funguka tupite!" Nikajua tunafungwa. Kisha ikanyamaza, nikajua tunarudi. Mlinzi wa uwanja akanionea huruma, akasema niingie hata dakika moja, geti atalishika yeye. Nikamwambia wewe hujui kitu.

Robo ya nne nikasimama. Nikashika nondo za geti kwa mikono miwili. Hapo ndipo watoto wangu wanapoanguka kila siku. Hapo ndipo mimi huwa nasimama, nawapa maelekezo. Nani anawapa leo? Abdulmajid keshachoka, keshashika kiuno, nani anamwambia atoe mkono kiunoni? Miguu yangu ilikuwa inaingia yenyewe. Nilifungua geti kidogo. Nikaukumbuka uso wake pale dukani. Nikalifunga.

Uwanja mzima ukanyamaza. Kimya cha mtupo huru, nakijua. Nikasikia mpira unadundwa chini pole pole. Nikafumba macho. Nikasema, Mola, hata kama umeneja achukue Habib, kama anayerusha ni mtoto wangu, huu uingie.

Kelele! Kelele kubwa, ukuta ukatetemeka. Na mimi sijui ni za nani! Nikakaa kwenye kiti, sikuthubutu kugeuka. Filimbi ya mwisho ilikuwa haijanifikia masikioni, labda bado, na nikigeuka bahati ingekatika.

Aliyetoka kwanza ni Theophil, anaruka kwa mguu mmoja. Hakusema kitu. Akaniangukia tu, mtu mrefu vile, tukaenda chini na kiti. Wakafuata wote. Tumeingia! Nane bora! Kwa pointi moja, mtupo huru wa Abdulmajid, kwenye ringi ya kipimo cha ligi!

Wamevaa nyekundu za Habib. Lakini kila mmoja alikuwa amefunga kwenye mkono kipande cha pazia langu, chenye maua. Kila mmoja. Hata Agnesi.

Nililia pale getini, sioni haya kuandika. Mechi kubwa kuliko zote walizowahi kucheza na sijaona hata kikapu kimoja. Abdulmajid akanishika mkono, akasema, "Meneja, ulikaa." Nikamwambia nilikaa. Akasema tena, "Ulikaa kweli." Naye akalia.

Jumapili, 11 Agosti

Nimelala kama mfalme. Kijiweni leo kahawa inanijia bila kuiita. Sadalla amekiri mbele za watu kwamba amekosea, watoto si wa kesho, ni wa leo, kilichokuwa kinawasumbua robo ya nne ni makelele. Nikamwambia ndiyo, mashabiki wa siku hizi hawana adabu. Akajimiminia kahawa yake mwenyewe, akanywa.

Habib naye amesimama mbele ya wazazi, akasema ahadi ni ahadi, meneja ni Bushiri na abaki Bushiri. Mama yake Theophil ameitikia! Nimempa Habib mkono. Kiganja chake kina malengelenge ya ngazi. Huenda si mtu mbaya sana. Nitaendelea kumchunguza.

Robo fainali ni Jumamosi ijayo, dhidi ya mabingwa. Agnesi amekwisha kuniletea ujumbe: geti la safari hii ni kubwa zaidi, lina milango miwili, na timu inaniomba nilinde yote. Ameleta na kofia, ya jua.

Nimefikiri mchana kutwa, nimepata ukweli. Nane bora tumeingia kwa sababu yangu, hilo halina ubishi, kila mtu anaona. Sasa kama mimi nikiwa nje ya ukuta, nimewapa mgongo, sioni kitu, nimeweza kuwavusha, je, nikiwa ndani? Karibu nao? Wananisikia? Kipaji kama hiki ni dhambi kukiacha kinachomwa na jua getini.

Basi nimeamua. Geti nitampa Habib, kiti ni chake mwenyewe. Mimi nitakaa benchi, bega kwa bega na Agnesi, hasa robo ya nne. Na ili sauti isinikauke nimenunua filimbi. Nimeijaribu dukani leo, taa mbili za Habib zimezimika kwa mshtuko.

Maimuna ameuliza kama Agnesi na watoto wanajua. Nimemwambia hawajui. Nataka iwe furaha ya ghafla.